Ukoo Usiowezwa na Homa

Gaudensia alipokwenda kuoa, aliuliza swali moja tu, na lilikuwa swali ambalo mshenga wake hajawahi kulisikia popote.

Ndiyo, kuoa. Asiyezijua mila za Mara asikimbilie kucheka. Mwanamke mtu mzima aliyebaki bila mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe, akaoa binti, akamchagulia mwanamume wa kuzaa naye, na watoto wakawa wa nyumba yake. Huitwa nyumba ntobhu. Serikali ina lake la kusema kuhusu jambo hilo na wazee wana lao, ila Gaudensia alikuwa na boma tupu karibu na Butiama na hakuwa na muda wa kusikiliza ugomvi wao.

Wengine huuliza kama binti anajua jembe, kama ana heshima, kama mama yake ana mdomo. Gaudensia alikaa kwenye kiti cha plastiki nyumbani kwa akina Ursula, kule Kiabakari, akauliza, "Huyu akishikwa na homa, huwaga analala siku ngapi?"

Baba wa Ursula alicheka, kisha akasema kweli. "Huyu halalagi. Wenzake wakitapika, wakibebwa kupelekwa hospitali, yeye anachota maji."

"Basi ni huyo huyo," alisema Gaudensia.

Alikuwa amezika wavulana watatu, wote kwa homa, na hakuna aliyefika umri wa kushika daftari. Na katika kila msiba shemeji yake Baltazari alisimama mbele ya watu akasema maneno yale yale: ukoo wetu hauwezwi na homa, watoto hawa wamefuata damu ya mama yao. Ni maneno ya kumwambia mwanamke aliyefiwa? Baltazari aliyasema, na watu wakaitikia kwa kichwa, kwa sababu lilikuwa jambo la kuonekana kwa macho. Marehemu mumewe, Mzee Wanzagi, alikuwa akijisifu kwamba mbu akimuuma yeye, mbu ndiye anayelazwa. Gaudensia kwa upande wake homa ilimwangusha kila msimu wa mvua.

Kwa hiyo alikata shauri. Kama kosa ni damu yake, basi damu yake itakaa pembeni. Mama atamchagua yeye, na baba atamchagua yeye. Baba alikuwa Leodgar, mtoto wa Baltazari, mwanamume mwenye mke na watoto wake wazima, aliyekulia kuchunga ng'ombe kandokando ya madimbwi na hajui kidonge cha malaria kina ladha gani. Sifa moja pande zote mbili, kama mfugaji anavyochagua dume na mtamba.

"Mchagua nazi hupata koroma," jirani yake Anastazia alimtania.

"Nazi haioti Butiama," alijibu Gaudensia, na huo ukawa mwisho wa mjadala.

Mtoto alizaliwa wa kiume, akaitwa Wanzagi, jina la mzee. Gaudensia alimpakata asubuhi ile akamwambia sikioni, "Homa haikuwezi, wewe." Akawa anamwambia hivyo kila siku, na mtoto alipojifunza kusema akawa anayarudisha maneno, kifua mbele, hata mbele ya wageni: "Homa hainiwezi, mimi."

Kliniki walikuwa wamempa Ursula chandarua kipya tangu mimba. Ursula aliuliza akitundike wapi. Gaudensia alicheka, si kwa ubaya. "Chandarua ni cha watu wenye damu kama yangu, mwanangu," akasema, na akaenda kukitandaza bustanini juu ya mchicha ili kuku wasiparue. Cha kwake mwenyewe kilibaki juu ya kitanda chake, kama miaka yote. Ursula aliomba tena mvua za kwanza zilipoanza. Safari hiyo Gaudensia hakucheka, alimuuliza tu kama anataka kumfundisha mtoto uoga.

Kabla Wanzagi hajatembea, mikono na miguu yake ilivimba, akalia mpaka sauti ikakauka. Ikapita. Ikarudi. Macho yalikuwa ya manjano leo na meupe wiki ijayo, na mifupa ilimuuma hasa siku za baridi. Zahanati walimpa dawa ya maumivu. Watu walisema ni mtoto wa kudeka, mtoto wa bibi. Gaudensia alimkanda kwa maji ya moto na kujifariji kwamba angalau si homa. Siku ambazo hakuumwa, Wanzagi alichukua kopo alilotobolewa matundu kwa msumari akamwagilia mchicha, akiingiza mkono mdogo chini ya chandarua ili asiuvunje. Alikuwa ameutangaza kwa kila mtu kuwa ni mchicha wa Bibi, na Bibi ndiye atakayeula.

Alikuwa katika mwaka wake wa nne mwili ulipochemka. Nesi wa zahanati alimchoma kidole, akatazama kile kipimo, kisha akatazama viganja vya mtoto.

"Ni malaria, bibi. Na damu imepungua sana. Mpelekeni Musoma leo."

"Kipimo chenu kibovu," alisema Gaudensia. "Huyu ni mjukuu wa ukoo wa Wanzagi."

"Mama, twende Musoma," alisema Ursula.

"Tutaenda. Ila hii sio homa, hii ni ile mifupa yake."

Alikuwa amesikia habari za mganga wa mifupa aliyeko Manyamanyama, kule Bunda. Walipofika Kiabakari barabara kuu iligawanyika mbele yao, huku Musoma, huku Bunda, na kwa amri ya Gaudensia wakashika ya Bunda. Mganga alikuwa safarini, wakamngoja. Aliporudi kesho yake alimfunua mtoto kope, akaifunga tena mikoba yake bila kutoa kitu. "Mama, huyu sio wangu," alisema. "Huyu ni wa hospitali, na mmechelewa." Ni mganga, lakini alikuwa mkweli kuliko wengi.

Hospitali ya Musoma waliwapokea kwa kukimbia. Wanzagi alitundikiwa maji, ndugu wa wagonjwa wakatafutwa watoe damu. Mchana daktari, binti mrefu aitwaye Prudence, alimwita Gaudensia pembeni.

"Shikamoo, bibi. Mtoto ana ugonjwa wa siko seli. Amezaliwa nao, ndio uliokuwa unamuuma mifupa. Na juu yake amepata malaria kali."

"Malaria hapana. Kwa baba yake hawaugui, kwa mama yake haugui. Ndio maana niliwachagua."

"Uliwachagua vipi?"

Gaudensia alimweleza yote, wale wavulana watatu, damu yake, swali alilouliza Kiabakari, na Leodgar wa madimbwini. Alieleza kwa fahari kidogo, maana hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Prudence alisikiliza hadi mwisho, na uso wake ukabadilika.

"Bibi, uliona sawasawa," alisema taratibu. "Kila mtu hurithi sehemu mbili, moja ya mama, moja ya baba. Mwenye sehemu moja ya siko seli haumwi kitu, anaishi mpaka uzee, na malaria haimuui kirahisi. Ndivyo alivyo mama wa mtoto, ndivyo alivyo huyo Leodgar, na nadhani ndivyo alivyokuwa mzee wako. Lakini wawili wa hivyo wakizaa, mtoto anaweza kupata ile ile huku na huku. Sio kila mtoto, ni bahati tu. Akizipata zote mbili ndio anaumwa. Na huyo malaria haimwachi. Inamuua upesi kuliko mtoto mwingine yeyote."

Gaudensia hakuwa mjinga, na swali alilolitoa lilikuwa la mtu aliyefuga. "Mbegu inayoua watoto si ingekuwa imeisha zamani? Waliokufa si walikufa nayo?"

"Hilo swali liliwasumbua wataalamu miaka mingi. Walizunguka hili ziwa wakipima damu za watu, hata huku Musoma walifika. Ndipo wakagundua kwamba palipo na malaria nyingi, damu hii nayo ni nyingi. Inabaki kwa sababu inaokoa wengi kuliko inaowaua."

Gaudensia alikumbuka kitu. Mama mkwe wake alikuwa akisimulia habari za usichana wake, kwamba walifika wageni wa kuchoma watu vidole, kijiji kizima kikakimbilia mihogoni kwa kuogopa mumiani. Wachache walikamatwa, wakatolewa damu, wageni wakaondoka. Ilikuwa hadithi ya kuchekesha. Watoto walipenda ile sehemu ya mihogo.

"Jibu walilipata lini?" aliuliza.

"Miaka ya hamsini, bibi."

"Mimi nilikuwa sijazaliwa. Damu waliichukua kwetu, jibu wakalipata, na mimi nimezika watatu na kuoa na kulea huyu, na halijarudi. Lilikuwa linakuja kwa miguu?"

"Pole, bibi," alisema Prudence. "Huyu akipona, cha kwanza kabla ya dawa zote ni chandarua. Analala ndani ya chandarua?"

Gaudensia alikaza kanga kiunoni, akatoka getini, akaenda moja kwa moja madukani Iringo, duka la kwanza hapana, la pili hapana, la tatu akapata chandarua cha bluu. Wodini vyandarua vilikuwepo, juu ya kila kitanda, lakini alikitaka cha Wanzagi mwenyewe. Alirudi nacho kwapani kwenye pakiti yake, akitembea upesi kuliko umri wake unavyoruhusu.

Ursula alikuwa amekaa chini kwenye korido, miguu ameinyoosha. Chupa ya damu ilikuwa imefika. Haikupata wa kumwingia.

"Aliulizia mchicha kama umemwagiliwa," alisema Ursula. "Nikamwambia ndiyo. Halafu akanyamaza."

Walimrudisha nyumbani. Siku ya maziko watu walijaa, na kabla jeneza halijashushwa, Baltazari akasimama na fimbo yake. Gaudensia aliyajua maneno kabla hayajatoka.

"Ukoo wetu hauwezwi na homa," alisema Baltazari. "Homa haijawahi kuua mtoto wetu. Na safari hii hata damu ya Gaudensia haimo. Kwa hiyo kama huyu amekufa, kuna mkono wa mtu. Tuulizane mtu huyo ametoka wapi."

Watu hawakugeuka wote kwa pamoja, waligeuka mmoja mmoja, mpaka kila jicho likawa kwa Ursula. Ursula alitazama udongo. Leodgar alikuwa nyuma kabisa. Kwa mila mtoto hakuwa wake, kwa hiyo alikuwa akilia kama jirani.

"Shemeji, kaa chini," alisema Gaudensia.

Baltazari hakuamini alichosikia. Gaudensia akasogea mpaka kwenye kingo za kaburi.

"Ni homa. Malaria. Imemuua kama ilivyoua wale wangu watatu. Damu yenu ina dawa na ina sumu, na dawa ile mkiichanganya na ya mwenzake inakuwa sumu tupu. Aliyeichanganya ni mimi. Mama nilimchagua mimi, baba nilimchagua mimi. Huyu binti aliniomba chandarua mara mbili nikamnyima. Aliniambia Musoma nikampeleka Bunda. Mnatafuta mkono," na akauinua wa kwake wa kulia, "mkono ni huu."

Baltazari alikaa. Mchungaji akaendelea na maziko kwa sauti ndogo.

Baadaye watu walikaa uani kula. Ursula alikuja akakaa mkekani, jirani kabisa na Gaudensia, ingawa nafasi zilikuwa nyingi. Anastazia akawaletea sahani moja, ugali na mboga.

"Mmepata wapi mboga?" aliuliza Gaudensia.

"Hapo bustanini kwako," alisema Anastazia, akitaka kumpa neno jema. "Umestawi huo, jamani. Hauna hata tundu la mdudu."

Gaudensia alitazama bustani. Chandarua kilikuwa kimekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya uzio, na lile kopo la matundu lilikuwa pale chini. Moyo wake ulivunjika kwa namna ambayo haukuvunjika hospitalini wala kaburini. Akaisukuma sahani.

Ursula alimega tonge, akachota mchicha, akatafuna huku machozi yakimshuka, akameza. Kisha akairudisha sahani mbele ya Gaudensia.

"Kula, Mama," alisema. "Alisema ni wako."

Gaudensia alivuta bakuli la maji, akanawa mkono ule ule aliokuwa ameuinua kaburini, akala.