Ubatizo wa Sehemu ya Saba

"Yesu na Maria," Jovin alisema peke yake, "hiki ndicho tulichokuwa tunakitorokea shule?"

Ilikuwa Jumapili, saa saba na nusu mchana. Alikuwa stoo, nyuma ya duka lake la mabegi ya shule Kariakoo, bado yumo ndani ya shati la kanisani, amekalia katoni, macho kwenye kompyuta ya binti yake Josepha. Kwenye kioo, mvulana mwenye mkono wa chuma alikuwa anakimbia kuelekea kulia. Alikimbia, akaruka shimo, akavuta ufunguo kwa mkono wake, akakimbia tena. Wingu lililopita juu ya kichwa chake lilikuwa lile lile. Jovin alilihesabu likipita mara kumi na moja, kisha akachoka kuhesabu uvivu wa watu.

Katuni yenyewe ilitokana na gemu la video, na waliotunga hawakujisumbua hata kuficha. Kila sehemu ilikuwa mbio, shimo, ufunguo na dude la kupigwa. Mwishoni kijana aligeuka, akamtazama mtazamaji, akamhimiza kwa Kiingereza akanunue gemu jipya. Lilikuwa tangazo la biashara lililovishwa kaptula likaitwa hadithi. Rangi zilivuka mistari, midomo ilichezacheza bila kufuata maneno, na muziki ulikuwa wa kuumiza jino bovu. Miaka yote Jovin alikuwa amewaambia wanawe kwamba katuni za siku hizi ni takataka, wangeona ya Sumaku wangelia. Kweli alikuwa karibu kulia, ila kwa kinyaa.

Sumaku lilikuwa jina walilompa wenyewe yule mvulana wa mkono wa chuma. Enzi hizo televisheni haijaingia Bara, na video zilitazamwa kwenye kibanda cha mjomba Vitalis, upande wa Jangwani, mabenchi sita na mkeka mmoja mbele. Mjomba alishika kipaza sauti na kutafsiri. Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji; alitazama picha akasema alichoona kinafaa, na watoto walimwamini kuliko mwalimu wao wa hesabu. Tafsiri yake aliirekodi hapo hapo, kibanda kikiwa kimejaa, ili nakala azipeleke kwenye vibanda vya Manzese na Mbagala. Ndiyo maana vicheko vya watoto vilisikika ndani ya kanda.

Na kulikuwa na desturi ambayo hungeikuta kibanda kingine. Dude jipya likitokea, mjomba alisimamisha picha na kuuliza, "Tumbatize nani?" Watoto walipiga kelele za majina, ya walimu, ya wagambo, ya mama fulani mwenye mdomo. Jina lililochekesha zaidi ndilo lililochukuliwa, na aliyelitoa alipewa andazi. Jovin, mpwa mtu, alikaa mbele kabisa karibu na kipaza sauti. Alikuwa na maandazi mengi kuliko wote, na mjomba alimwita mbatizaji wangu.

Kanda zilitoka Mchafukoge, kwa mzee Tulsidas, aliyekuwa na maktaba ya video chini ya fleti aliyoishi na mkewe Jasvanti. Wateja wake wakishazichoka, alimwazima Vitalis bure. Mwanawe Ketan ndiye aliyezileta kibandani, naye akakaa mkekani ubavuni mwa Jovin. Walikuwa na miaka kumi na mmoja wote wawili, walipendana kama chanda na pete, na Jovin alikula kwa kina Ketan mara nyingi kuliko kwao.

Halafu, baada ya sehemu ya saba, mzee Tulsidas alichukua kanda zake zote. Hakueleza neno. Kibanda kilikufa mwezi ule ule, na mjomba akarudi Kibosho kupalilia migomba. Jovin alikwenda kugonga kwenye fleti mara tatu. Alisikia mtu anapumua nyuma ya mlango, lakini haukufunguliwa. Kuanzia hapo nyumbani kwao msemo ukawa mmoja, kwamba Mhindi ni Mhindi tu, ukimzoea anakuonea kijicho. Jovin aliurithi msemo huo kama wengine wanavyorithi shamba. Aliwaambia wanawe, aliwaambia wauzaji wake, hata juzi aliusema. Lakini rafiki mwingine wa namna ile hakumpata tena, na kila akipita Mchafukoge aliinua macho kutazama madirisha.

Mjomba Vitalis alifariki mwaka jana, na kwenye kasha lake zikakutwa nakala saba. Fundi Nassibu wa mtaa wa pili alizihamishia kwenye flashi. Alimwonya kuwa kanda zimeota ukungu, kila moja imepita mara moja ikakatika, amezitupa zote. Hii flashi ndiyo pekee, aitunze. Wiki ile ile, kama aliyetumwa, Ketan mwenyewe akaingia dukani. Alikuwa amekuja kukabidhi funguo za fleti yao ya zamani, akaona jina kwenye kibao. Walishikana mikono kama watu wanaopimana nguvu. Jovin, kwa kukosa la kusema, akazitaja kanda.

Ketan akasema, "Ningependa kuziona."

"Njoo Jumapili, saa kumi. Utakula na sisi."

Kwa hiyo leo ilikuwa leo. Vicky, mke wa Jovin, alikuwa ghorofani anapika ndizi za nazi bila nyama, maana mgeni hali nyama. Jovin naye alijiandaa kwa swali moja lililomkaa kooni miaka yote, kwa nini uliniacha. Alitaka jibu, na zaidi ya jibu alitaka rafiki yake. Akaona atangulie kutazama kanda ili ajue pa kucheka.

Pa kucheka hakupaona. Tafsiri ya mjomba, aliyoikumbuka kama asali, ilikuwa na harufu mbaya kuliko picha. Sehemu ya pili alimcheka kiwete wa sokoni. Sehemu ya nne alimtukana mwanamke mnene dakika tatu nzima, na watoto wanashangilia. Sehemu ya tano mzaha ulihusu mfanyakazi wa ndani, na Jovin, mwenye mabinti wawili, aliinamisha uso ingawa stoo hamkuwa na mtu. Mbona sikuyasikia haya, alijiuliza. Aliyasikia. Alikuwa mstari wa mbele.

Sehemu ya saba, dude lililotokea lilikuwa la tope, jeupe machoni, linachuruzika ute wa kijani kila linapokanyaga. Picha ikasimama.

"Haya wanangu!" sauti ya mjomba ilisema. "Kazaliwa mtoto hana jina. Tumbatize nani?"

"Mwite Mwalimu Mkuu!"

"Mwite Kamasi!"

Kisha sauti nyembamba ikatokea, karibu kabisa na kipaza sauti. "Mwite Tulsi!"

"Tulsi? Kwa nini Tulsi, mbatizaji wangu?"

"Kwa sababu anavuja! Mzee Tulsi ana mfuko wa mkojo ndani ya suruali! Ketan kaniambia!"

Kibanda kililipuka. Mjomba, mtu mzima mwenye ndevu, aliyepewa kanda bure na mzee huyo huyo, alicheka mpaka kipaza sauti kikapiga mluzi. "Tulsi Mvujaji huyooo! Kaeni mbali, atawalowesha!"

Jovin alizima. Sauti ile alikuwa nayo nyumbani; mwanawe wa mwisho anayo vile vile. Na sasa yote yalimrudia. Ketan alikuwa amemwambia darini, kwa kunong'ona, kwamba baba amepasuliwa, amewekewa mpira na mfuko, na mama anachoma udi dukani ili wateja wasisikie harufu. Alimwapisha asimwambie mtu. Pale mkekani magoti yao yalikuwa yanagusana, na Jovin alikumbuka goti la Ketan likijivuta taratibu, mpaka likawa mbali. Yeye hakugeuka kumtazama. Alikuwa anapokea andazi.

Alijichukia kwa namna ambayo hakujua mtu anaweza kujichukia akiwa ameketi. Zaidi ya dhambi yenyewe, kilichomchefua ni jinsi alivyoisahau kwa raha, akalala usingizi wake, akaamka kila siku kumlaumu aliyemtendea. Miaka thelathini alikuwa ametembeza uchafu wake mwenyewe mitaani akidai unanuka wa jirani.

Saa ilikuwa tisa na robo. Angewezaje kuiweka hii mbele ya Ketan? Na kama Ketan naye amesahau? Mwoga hakosi sababu. Jovin alichomoa flashi, akafungua mlango wa nyuma, akaenda hadi pale mfuniko wa mtaro ulipovunjika, akaidondosha. Maji meusi ya mvua ya jana yalikuwa yanakwenda mbio kuelekea Jangwani. Hakusikia hata mlio.

Ketan alifika dukani saa kumi kamili, na boksi la ladu, vile vitamu vya Kihindi, kwa ajili ya watoto. Mvi zilikuwa zimemwenea, na alikaa ukingoni mwa kiti kama mgeni wa hospitali.

"Kaka, samahani sana," Jovin alisema kabla hajaulizwa. "Flashi imegoma. Imekufa kabisa."

"Si kuna fundi? Kariakoo hii, kitu gani kinashindikana?"

"Hata fundi hawezi. Lakini hujakosa kitu. Katuni yenyewe mbovu, utaichukia."

"Najua ni mbovu," Ketan alisema. "Niliijua tangu siku zile. Sikuja kwa ajili ya katuni, Jovin. Nimekuja kusikiliza mwisho wa sehemu ya saba."

"Unaikumbuka?"

"Nilikuwa nimekaa pembeni yako."

Basi swali la miaka thelathini likawa limejibiwa, na Jovin hakupata pa kuweka mikono. Alisema, "Ketan, nisamehe," na neno lilitoka dogo mno, kama la mtoto aliyekanyaga mguu wa mtu. Ketan hakulipokea wala hakulirudisha. Aliendelea kuongea polepole, macho kwenye boksi la ladu.

"Siku ile baba alikuja kunifuata. Alisimama mlangoni. Alisikia jina lake, aliona lile dude, akawaona watoto wanavyocheka. Mjomba wako alikuwa hajamwona bado, anaendelea. Baba akaita kwa sauti, ikaingia kwenye kanda. Alisema, 'Ketan, twende nyumbani, chakula tayari. Jovin naye aje.' Basi. Hakusema kingine."

"Alisema mimi niende?"

"Hukusikia. Ulikuwa unacheka." Ketan alifuta kipaji cha uso kwa kiganja. "Njiani akaniuliza nani kampa Vitalis maneno yale. Nikamwambia Vitalis kayatunga mwenyewe. Sikutaka akuchukie, alikuwa anakupenda. Wewe ulipokuja kugonga, mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya mlango. Sikuweza kukufungulia, na sikuweza kumwambia mama kwa nini."

Vicky aliita kutoka ghorofani kwamba chakula kimeiva.

"Alikufa baada ya miezi minne," Ketan alisema. "Fikiria, mtu alikuwa na video chumba kizima, lakini hakuna hata moja ambayo yeye yumo. Picha tunazo. Sauti hatuna. Uliponiambia kanda zipo nilikwenda nyumbani sikulala. Nilisema potelea mbali, nitavumilia yale yote ya mwanzo, mradi nifike pale mwisho."

Jovin alisimama. Angeweza kuendelea kudanganya. Uongo ulikuwa umeshakaa vizuri, fundi hawezi, bahati mbaya, tule. Alijiona akiuchagua, na akajionea kinyaa.

"Haijafa," alisema. "Nimeitupa mtaroni. Hata saa moja haijaisha. Niliogopa usije ukanisikia."

Uso wa Ketan haukuonyesha hasira, ila ule uchovu wa mtu aliyerudishiwa mlangoni barua aliyoisubiri. Jovin hakuweza kuustahimili. Alitoka mbio kwa mlango wa nyuma, akapiga magoti pale kwenye mfuniko uliovunjika, akatumbukiza mkono mpaka begani.

Uvundo ulimpanda puani. Alishika pempasi, alishika nywele za bandia zilizojaa mchanga, alishika kitu laini ambacho hakutaka kukijua, akakiachia, akaenda chini zaidi. Kola ya shati la kanisani ilinywa maji meusi. Wachuuzi wawili wa Jumapili walisimama kutazama, mmoja akauliza kama mzee kaangusha simu.

"Baba Josepha!" Vicky alipiga kelele kutoka barazani juu. "Una wazimu?"

Ketan alikuwa amemfuata. Alisimama kando ya mtaro, viatu vyake vikiwa ukingoni mwa uchafu.

"Toka, Jovin. Maji yanakimbia hayo. Imeshakwenda."

"Nivumilie kidogo. Labda imekwama."

"Sauti ya baba nimeisahau, ujue," Ketan alisema, bila ukali, kama anayeeleza dalili kwa daktari. "Maneno ninayo, sauti haiji. Ya kwako ya siku ile ninayo mpaka leo."

Jovin alihamia kwenye tundu la pili la mtaro, kule maji yalikoelekea, akalala kifudifudi, akaingiza mkono tena.