Jiwe Lililosukumwa na Mwanga

Tangu asubuhi Maree Pascoe alijua kwamba jiwe lake si jiwe. Hata hivyo alimpelekea baba yake keki za chokoleti na nazi, kama kawaida ya kila Jumanne.

"Huyo hapo mwenye asteroidi!" Mzee Clarrie alipaza sauti kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, na ukumbi mzima wa makao ya wazee ukageuka. "Bi Coral, ndiye huyu binti yangu. Kaliona yeye jiwe hilo la angani kabla ya dunia nzima!"

"Ulituambia jana, Clarrie," Bi Coral akajibu, macho yakiwa kwenye sweta aliyokuwa akifuma. "Na juzi. Likituangukia, angalau utanyamaza."

"Halimwangukii mtu! Linapita Ijumaa, karibu kuliko mwezi, kisha linakwenda zake. Mwanamke wewe husikii?"

Watu wakacheka. Maree hakucheka. Maisha yake yote baba yake alikuwa amekesha kwenye kibanda cha darubini nyuma ya zizi la kondoo, nje ya mji mdogo wa Coonabarabran, akitafuta kitu kimoja tu cha angani ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Hakukipata. Mapafu yalipomwangusha, akamwachia bintiye darubini. Sasa hata daktari alikuwa ameacha kuzungumzia mwezi ujao.

Kilichoitoboa siri ni mwendo wa kile kitu. Kila usiku kilikutwa kando kidogo ya pale hesabu ziliposema kingekuwa, na siku zote kilikuwa kimesogea upande wa kulikimbia jua. Jiwe halitikiswi na mwanga kiasi hicho. Kinachosukumwa hivyo ni kitu chepesi, kitupu ndani: kipande cha roketi kuukuu, kilichoachwa huko juu enzi za ujana wa baba yake.

Wawindaji wa asteroidi wana desturi yao: aliyetangaza jiwe jipya ndiye anayefuta tangazo likiwa si jiwe. Lakini Maree angeweza kunyamaza. Wengine wangegundua baada ya Ijumaa, na pengine baba yake asingekuwepo kusikia.

Akasogeza kiti. "Baba, linasukumwa na jua."

Mzee akaacha kutafuna. Hakuhitaji kuelezwa. "Kiasi gani?"

"Kiasi cha pipa tupu."

Mzee akairudisha keki kwenye sahani, nazi ikiwa imemganda kidevuni. "Na wewe ukaja na keki."

"Nilitaka ule kwanza."

"Ulitaka nife kwanza."

Maree akainamisha kichwa, maana ndiyo ilikuwa kweli.

"Umeshafuta?"

"Bado."

"Kuna mtu kwenye darubini Chile, kuna mwingine Hawaii, leo watapoteza giza lao kwa ajili ya pipa letu. Giza ndiyo mali yao yote, Maree! Lete hiyo simu."

Waliandika pamoja, maneno machache, mzee akitaja, binti akibonyeza. Kitufe cha kutuma mzee alikibonyeza mwenyewe, baada ya kukikosa mara mbili.

"Bi Coral," akaita, sauti imeshuka. "Lile jiwe ni kopo."

Bi Coral akainua macho hatimaye. Akamtazama, akameza utani aliokuwa nao. "Pole, Clarrie."

"Maree, leo kuna mawingu?"

"Hakuna, baba."

"Basi nenda ukalale sasa hivi. Usiku unakuja, na darubini inakungoja."

Maree alitamani kukaa naye. Akaenda.