Watu Kumi na Mmoja Asubuhi

Kazi ya kuhesabu magari niliipata kwa sababu nakaa kando ya barabara kuu na sikuwa na kazi nyingine. Walinipa kiti cha plastiki, kizibao cha kung'aa na fomu. Lori, basi, gari dogo, pikipiki: kila kinachopita unachora kijiti, cha tano kinawakata wenzake. Safu ya mwisho ilikuwa ya watu wanaovuka kwa miguu. Siku saba, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Majirani wakanibatiza Serikali.

“Serikali, hata mbuzi wangu kavuka, mwandike!”

Msimamizi hakuwahi kufika kabla ya saa tatu. Siku ya kwanza mvua ilinyesha, nikachelewa, hakuna aliyeuliza. Sita zilizobaki nikalala kwa raha zangu. Nilitoka saa mbili, nikajaza saa za mwanzo kwa kubuni. Magari niliyaandika mengi, watu wachache, maana uongo mdogo haushtukiwi, na nilidhani barabara ni mambo ya magari. Wanafunzi wanavuka kabla ya saa moja. Nilijua. Watatu kati yao ni wa dada yangu.

Miaka miwili baadaye tukaitwa mkutanoni, darasani. Injinia alibandika ramani ubaoni. Barabara itapanuliwa iwe ya njia nne, itufae miaka ishirini, na katikati utapita ukuta wa zege. Daraja la wavukao kwa miguu litajengwa moja tu, kwenye kituo cha mafuta, kilomita tatu kutoka kwetu.

Dada akasimama. Yeye hajui kuongea polepole.

“Baba, hapa wanavuka watoto zaidi ya mia tatu kila asubuhi. Wataruka huo ukuta kama paka?”

Injinia hakuwa mtu mbaya. Alifungua kitabu chake, akatafuta ukurasa. “Mama, saa kumi na mbili hadi saa moja, hapa kwenu, wastani ni watu kumi na mmoja.”

“Nani kahesabu?”

“Mwenyeji wenu.”

Darasa zima likanigeukia. Mmoja nyuma akasema, “Serikali, jibu!” Watu wakacheka. Dada hakucheka.

“Ulikuwa wapi saa kumi na mbili?” akaniuliza.

Ningeweza kusema wiki ile wanafunzi walikuwa likizo. Nilikuwa nimeshaufikiria uongo huo, uko tayari mdomoni.

“Nilikuwa nimelala,” nikasema. “Injinia, hizo namba nimezitunga. Rudieni kuhesabu, nitahesabu bure.”

Akafunga kitabu. “Mchoro umeshasainiwa, mzee. Fedha zimeshagawanywa kwa mchoro huo. Mapitio ni baada ya miaka mitano. Leta barua wakati huo.”

“Miaka mitano wangu wa mwisho atakuwa kamaliza shule,” dada akasema. “Kama atakuwepo.”

Shemeji alinishika bega tukitoka, akasema angalau nimesema kweli. Nikamwambia aniache. Kweli yangu haikusogeza hata tofali.

Ukuta ulifika kwetu mwezi wa nane. Unanifika kifuani. Wiki ya kwanza watoto walijaribu kuuparamia wenyewe, na lori likapita na begi la mmoja wao. Ni begi tu, lakini dada alilikuta limesagika. Jioni ile alikuja hadi mlangoni kwangu, hakuingia.

“Kesho saa kumi na mbili uwe ukutani.”

Tangu hapo nasimama upande mmoja wa ukuta na yeye upande wa pili. Tunangoja upenyo kati ya malori, anamnyanyua mtoto, nampokea, namvusha mbio. Salamu hakuna. Neno analoniambia ni moja tu, kwa kila mtoto, asubuhi nzima: “Mshike.” Nikishamshika, ameshageuka kumfuata mwingine.