Kichwa cha Tunu Kilitangulia

Mchana wa Jumapili iliyopita, nikiwa nimeshiba ugali, usingizi ulinikuta kwenye kochi nikaota niko kazini.

Kazi yangu ni kutunza seva ya chuo cha ualimu hapa Nachingwea. Kila fomu inayotumwa kwenye tovuti yetu huja kama ombi lenye kichwa na mwili: kichwa hutaja uzito, mwili hubeba maneno yenyewe. Nimeweka kikomo cha megabaiti moja. Ukizidi, unarudishwa. Jirani yangu Ndimbo anatunza seva ya ghala la korosho, naye hana kikomo. Mke wangu, Tunu, husema Ndimbo ni msikivu. Husema hivyo mara nyingi mno.

Ndotoni seva ni kibanda chenye mlango mmoja, nami ndiye bawabu. Kinaingia kichwa peke yake, kimefungwa kitambaa cha kijani. Ni cha Tunu.

"Hodi," kinasema. "Mwili uko nyuma unasubiri. Uje?"

"Una uzito gani?"

"Megabaiti kumi na mbili."

"Maneno gani hayo yote, mke wangu?"

"Ya tangu mwaka juzi, Baba Shukuru. Kila nikianza unaniambia nifupishe."

Namwonyesha kibao ukutani. "Mwisho moja."

Kichwa hakibishi. Kinageuka, kinabiringika hadi kibanda cha pili, ambacho muda mfupi uliopita kilikuwa jiko letu. Ndimbo amesimama mlangoni, amekunja mikono ya shati.

"Karibu, shemeji," anasema. "Mwili wote uje. Hata ukija vipande vipande, nitaupokea na kuupanga."

Vipande vipande! Wivu ulinipanda hadi masikioni. Mwili wa mke wangu ukapita mbele yangu na khanga yake, taratibu, bila kunitazama. Ungenitazamaje.

Nikalivamia faili la mipangilio, lililokuwa limekalia kiti changu cha ofisini. "Ongeza kikomo!"

"Andika mwenyewe," likasema. "Hata hiyo moja uliiandika wewe."

Nikafuta moja, nikaandika mia. Kibao ukutani hakikubadilika.

"Mbona bado moja?"

"Mabadiliko hayashiki mpaka seva izimwe na kuwashwa upya."

"Basi iwashe, upesi!" Mwili ulishatia mguu mmoja kwa Ndimbo.

"Seva ni wewe, kaka. Amka."

Niliamka nikipiga kelele, namwita Tunu. Akaingia kutoka nje, mkono uko shingoni.

"Umefanyaje?" nikamuuliza.

"Sijui. Nilikuwa naenda kwa shemeji Ndimbo nikamwombe ushauri. Nimefika mlangoni, mguu mmoja ndani, shingo ikakaza. Yaani mwili unataka kuingia, kichwa hakitaki. Nikarudi."

"Ushauri wa nini?"

"Aa, ni marefu."

Ningeweza kumuuliza mbona hakuja kwangu kwanza, lakini jibu nilikuwa nalo. Nikasogea, nikampa nafasi kwenye kochi.

"Yaje yote," nikasema.

Alinitazama kama mtu anayepima kina cha maji, kisha akaketi. Alianza saa tisa. Magharibi ilitukuta bado yuko mwezi wa nne wa mwaka juzi, analia kidogo, anacheka kidogo, nami sijamwambia afupishe.

Ndimbo akagonga ukuta, akauliza kama shemeji yake bado anakuja.

Nilimjibu mimi.