Ukuta Usiouma

Fundi alikuwa hataki hata kusikia habari ya maua. Ukuta ule wa mawe, unaozuia udongo wa bustani ya juu usimwagikie uani, aliujenga kwa mikono yake mwaka aliostaafu, na kila mgeni alilazimika kuusifu kabla hajapewa kiti. Mtu chake bwana! Leo kitinda mimba wake amemburura mpaka kwenye kitalu cha miche, eti wachague mimea ya kuning'inia iufunike.

"Bogenvilia?" binti akauliza.

"Miiba."

"Hii ya majani madogo?"

"Mizizi yake itapasua ukuta. Na ile pale itafuga nyoka. Mwanangu, kizuri chajiuza. Ukuta wangu una kilema gani hata uvishwe nguo?"

Muuza miche akageukia kando kuficha kicheko. Binti hakucheka.

"Baba, mara ya mwisho kuitazama mikono ya mama ilikuwa lini?"

Loo, swali gani hilo? Kwamba macho ya mkewe yamefifia alijua. Dawa yeye ndiye anayemtilia. Lakini mikono? Akarudi nyumbani amenuna, hakununua hata mche mmoja.

Alimkuta mkewe uani akielekea bustani ya juu, peke yake kama apendavyo, akiupapasa ukuta mpaka aipate ngazi. Kila hatua chache mkono uliruka, akanyonya kidole, akaendelea. Fundi akamkimbilia, akaushika ule mkono. Vidole vilikuwa makovu matupu, mabichi kwa makavu.

"Mama watoto, mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Ukuta wenyewe unausifia kuliko hata wanao." Akacheka. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, baba. Nikasema nitazoea."

Miezi yote hiyo fundi anajigamba kwa mawe yenye makali, na mtoto wa watu anatoka damu kimyakimya ndani ya ua wake! Aliona aibu, tena aibu hasa.

Akarudi kitaluni bila kutumwa. Akaja na miche kadhaa, akamketisha mkewe kwenye benchi, akamwambia achague kwa vidole. Wa kwanza aliukataa, majani yanawasha. Wa pili ulikuwa laini, lakini akasema umepoa mno, kama mgeni asiyeongea. Alipofika kwenye rozmeri inayotambaa akatulia, akanusa vidole, akanusa tena.

"Huu. Nikipita utanisindikiza mpaka jikoni."

"Basi tuupande juu, ushuke ukuta mzima."

"Si mzima. Jiwe la penye ngazi liache wazi. Nikiligusa nijue nimefika, na nijue aliyeliweka ni wewe."

Fundi akachukua nyundo na patasi, akapiga magoti mbele ya jiwe lile, akalivunja makali, kisha akalisugua na kulisugua. Binti akamwita kula, hakwenda.

Alipomaliza hakulijaribu kwa kiganja, maana kiganja cha fundi kimeota sugu, hakisikii kitu. Aliliegemezea shavu, akalipitisha polepole huku na huku, ndipo akamwita mkewe aje.