Soketi ya Malale

Nikisikia tena mtu anasema Leticia alimuua mumewe, tutakosana vibaya. Marehemu ni mdogo wangu, tumbo moja, na siku ile nilikuwepo. Kwa hiyo mniache niseme.

Chanzo ni soketi ya chumbani. Aliyejenga nyumba yao hapa Shanwe aliiweka chini kabisa, karibu na sakafu. Malale, mtoto wao, alipoanza kutambaa akawa anaikimbilia na kutaka kuingiza vidole. Mdogo wangu Mwandu akasema ataihamishia juu, usawa wa kifua. Nikamwambia aite fundi umeme. Akasema fundi wa nini, kazi yenyewe ya bisibisi na nyundo. Mbishi huyo, sijui alimrithi nani kama si mimi.

Jumamosi hiyo mchana yuniti za LUKU zikaisha, umeme ukakatika. Mwandu akafurahi, akachukua bisibisi yake. Huku kwetu wengi wanafanya hivyo, yuniti zikiisha ndiyo siku ya kuchokonoa nyaya.

"Zima meni swichi kwanza," nikamwambia.

"Dada, umeme wenyewe haupo. Nizime nini sasa?"

Akacheka, akaingia chumbani. Mimi nikarudi uani kusonga ugali, Malale mgongoni.

Sasa Leticia alikuwa sokoni kwenye genge lake la nyanya. Asubuhi aliisikia rimoti ya LUKU ikilia, akajua yuniti zinaisha, akanunua nyingine kwa simu huko huko. Akarudi, akapitia mlango wa mbele, akachukua rimoti pale sebuleni, akaingiza namba za umeme alionunua. Mke gani asingefanya hivyo?

Nikasikia redio inaimba ndani.

"Baba Malale, nimeweka umeme," Leticia akaita. Akaita tena.

Nilipoingia alikuwa mlangoni mwa chumba, anataka kumshika Mwandu aliyeanguka sakafuni. Nikamvuta kwa kanga, nikakimbilia meni swichi, nikaishusha. Ndipo tukamgusa mdogo wangu, waya bado uko mkononi mwake. Hospitali walimpima, wakatuambia amekwisha kufariki. Niliumia, na mpaka leo naumia.

Msibani baba mdogo akauliza mbele ya watu, "Nani aliweka umeme?" Leticia akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mimi." Tangu hapo ndugu zangu wamemgeuka. Nimewaambia meni swichi ilikuwa ukutani, Mwandu aliiona, akaipita. Hawataki kusikia, kwa sababu marehemu halaumiwi.

Baada ya arobaini nikaleta fundi. Akashusha meni swichi, akapima kila waya kwa testa, ndipo akaipandisha soketi. Malale haifikii.

Leticia haigusi tena rimoti. Yuniti zikiisha wanakaa giza mpaka nifike. Jana nimefika, nimeingiza namba, imebaki kubonyeza ile ya mwisho, akanidaka mkono.

"Wifi, subiri. Nani yuko chumbani?"

"Hakuna mtu, wifi yangu. Malale si huyu hapa?"

"Nenda ukaangalie."

Nikaenda. Kitanda kimetandikwa, dirisha limefungwa, hakuna mtu. Nikarudi nikamwambia hivyo. Akatikisa kichwa, akaenda kuangalia mwenyewe, na mimi nikasimama na rimoti mkononi nikimsubiri.