Kitanda Nyuma ya Usukani

Mzee alikuwa amemsahau bintiye, lakini lori hakulisahau, na jambo hilo lilimkata binti maini. Asubuhi alimwamkia, "Shikamoo, baba," naye akaitikia kwa adabu ya mgeni, "Marahaba, mama. Wenye nyumba wapo?"

Kwa hiyo aliposikia kwamba Pua Ndefu, lori la zamani la baba yake, litakatwakatwa kuwa chuma chakavu, alimshika mkono wakaenda. Marehemu mama alikuwa akiliita lori hilo mke mwenzake. Haya, binti alijiambia, asiponijua mimi, na amwone huyo mke.

Kwenye uwanja wa vyuma chakavu nyasi zilikuwa zimeota hadi kwenye ekseli. Mzee aligusa boneti, ulimi ukamfunguka.

"Toleo la kwanza lilikuja na usukani mgumu, kona unakata kwa mabega. La pili ndilo hili, wakatuwekea kitanda nyuma ya kiti. Yaliyofuata wakayakata pua, uso bapa kama sinia. Sasa lori bila pua litanusaje njia?"

Mkata vyuma alicheka, akaweka chini mtungi wake wa gesi. "Panda basi, mzee wangu, uliage."

Mzee alipanda akashika usukani. Binti akajipenyeza nyuma, akajikunja kwenye kitanda kile kile alicholelewa juu yake, maana mama alipofariki hakukuwa na wa kumwachia mtoto. Vumbi lilielea kwenye jua. Mzee alianza kuunguruma kwa midomo, gia ya kwanza, ya pili, na polepole ukuta wa uwanja ukawa kama unarudi nyuma, na nyasi nazo, na barabara ikaja laini chini yao. Binti angeweza kuapa kwamba wanakwenda.

"Umelala?" mzee aliuliza, bila kugeuka.

Binti aliinua kichwa. Kila safari, utoto wake wote, baba alimuuliza hivyo, na jibu lake lilikuwa moja tu.

"Nimelala."

Kisha mabega ya mzee yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Aliyelala hajibu, we Chiriku!"

Hakuna mwingine aliyewahi kumwita hivyo. Binti alilia bila haya, ngumi mdomoni.

"Fumba macho, mwanangu. Tukifika nitakuamsha."

Akafumba, akiomba wasifike.